Barua kwa Mwanangu: Uji Haukuwa na Kosa

Mvumi Misheni, Agosti

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, na huu upepo wa Agosti ambao umeamua kuhamishia vumbi lote la uwanjani ndani ya nyumba yangu.

Ile sauti uliyonitumia WhatsApp Jumapili usiku nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nililia. Ya pili nilimkasirikia mzee wenu hadi chai ikapoa. Ya tatu ndipo nikasikia unachouliza. Kwamba Ijumaa, kwenye halmashauri ya parishi, mzee mmoja alisimama akasema sadaka ya mavuno "haionekani vizuri" tangu kanisa lipate mchungaji mwanamke, na hakuna aliyefungua mdomo. Kwamba Jumamosi ulifungisha ndoa, ukacheka, ukapigwa picha na maharusi, kisha ukajifungia sakristia ukalia mpaka kola ikalowa. Jumapili ukapanda mimbarani ukahubiri "Furahini katika Bwana siku zote." Ndipo ukaniuliza: "Mama, huu si unafiki? Na baba alifanyaje? Mbona yeye alikuwa mtu wa furaha?"

Nianze na baba yako, maana kifo kimekufanya umkumbuke kwa upande mmoja.

Ile furaha yake hakuzaliwa nayo. Miaka yake ya mwanzo ya uinjilisti, furaha ilikuwa ya kanisani tu. Akifika nyumbani anaivua mlangoni pamoja na viatu. Nje nasikia anacheka na wazee hadi mbuzi wanashtuka, akivuka kizingiti anakuwa jiwe. Nikimuuliza, "Hamna kitu." Nilikaa na huyo bwana Hamna Kitu miaka mingi.

Mwaka 1998, mvua za El Niño zilikuwa zimetubomolea ukuta wa kanisa, lile la tofali mbichi. Waumini wakachanga, mabati yakanunuliwa, yakawekwa stoo ya mzee wa kanisa mmoja. Siku ya kuanza kuezeka, daftari linasema bati 43, stoo ina 34. Mbele ya watu, yule mzee akasema, "Mwinjilisti ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili." Hakuongeza neno. Hakuhitaji.

Baba yako alitabasamu. Akasema tutaangalia, akafunga kikao kwa sala, akawashika watu mikono mmoja mmoja. Kesho yake asubuhi wewe, wa miaka saba, ulipiga kikombe cha uji kwa kiwiko kikamwagika mkekani. Sijui kama unakumbuka. Alikufokea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, kuku wakaruka hadi juu ya kinu. Uliganda, mkono bado umeshika kikombe kitupu, uji unachuruzika kwenye kidole chako cha shahada na hujui kama unaruhusiwa kuupangusa.

Akatoka. Nikadhani ameondoka. Baada ya muda akarudi, akachuchumaa mbele yako mpaka macho yenu yakalingana, akakupangusa kidole na kanzu yake. Akasema, "Uji haukuwa na kosa, mwanangu. Wala wewe. Mimi nimeumizwa na mtu mzima mwenzangu, nikakupigia wewe kelele."

Akachukua baiskeli akaenda kwa yule mzee. Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na mke wa mzee tulipokutana bombani. Alikataa kiti. Alisema, "Mzee, jana uliniumiza. Jana hiyohiyo nilikuwa na hasira, ndiyo maana sikuja. Leo nimekuja kukuambia tu kwamba niliumia, na kwamba bati sijachukua." Mzee akanyamaza. Kisha wakaingia stoo wawili wakahesabu upya, bati kwa bati, wakapata zilezile 34.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye jibu lako. Alirudi anapiga mluzi. Jina lake bado limechafuka, mji mzima unanong'ona, na yeye anapiga mluzi anasukuma baiskeli kwenye mchanga! Wiki mbili baadaye ndipo ilipoonekana kwamba karani wetu alipindua tarakimu, 34 akaandika 43. Lakini ile furaha ilikuwa imesharudi nyumbani kabla ya hesabu.

Siku hizi kwenye semina za viongozi pale Dodoma mjini wanaita ukomavu wa kihisia. Sisi tulisema tu, fulani ni mtu mzima, na hatukumaanisha mvi. Mimi kwa maisha niliyoishi kwenye nyumba za kanisa nimefikia hivi: uchungu haupotei kwa kufichwa, unahama. Ukimtoka mzee wa kanisa unamwangukia mtoto mwenye kikombe. Ukitaka kumjua kiongozi, tazama uchungu wake unamwangukia nani.

Soma tena Hesabu 20, uisome taratibu kama vile hukuifanyia mtihani kule chuo cha theolojia cha Msalato. Mstari wa kwanza, Miriamu anakufa na kuzikwa. Dada yake Musa, tunayemwona kwenye yule mtoto wa kike aliyesimama kando ya mto kulinda kile kisafina. Wa pili, hakuna maji, watu wanamjia juu. Haruni alipokufa, mwishoni mwa sura hiyohiyo, wanaomboleza siku 30. Kwa Miriamu hakuandikwa hata usiku mmoja wa matanga. Na Musa, ambaye Biblia inamwita mpole kuliko watu wote, anawaita watu "enyi waasi" na kuupiga mwamba kwa fimbo mara mbili, mwamba ambao aliambiwa auambie tu. Wanatheolojia wana mengi ya kusema kuhusu fimbo ile. Mimi niliyepanga foleni ya madumu mwezi wa kumi na moja nikiwa nimetoka msibani, najua mkono ule ulikuwa na nini ndani yake.

Turudi kwenye mahubiri yako. Hiyo "Furahini katika Bwana siku zote" ni Wafilipi 4, mstari wa 4. Wa 2 unasemaje? "Namsihi Euodia, namsihi Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Wanawake wawili watenda kazi, hawaelewani, na mtume anawataja kwa majina kwenye barua itakayosomwa mbele ya kanisa. Naye mwenyewe anaandika akiwa kifungoni. Kwa hiyo hilo neno la furaha halikutoka kwenye kanisa tulivu lenye halmashauri ya malaika. Limetoka katikati ya ugomvi. Uliwahubiria watu neno sahihi, ila uliwakatia mistari miwili ya juu, na wewe ndiye uliyekuwa na shida nayo zaidi ya wote.

Unafiki? Kwenye ndoa, hapana. Wale vijana walikuja na furaha yao, wewe uliibariki tu. Paulo aliwaambia Wakorintho, "tu wasaidizi wa furaha yenu." Msaidizi, mwanangu. Mpishi wa harusi anaweza kuwa na homa na pilau likaiva. Ulizuia machozi yako yasimwangukie bibi harusi, hilo mimi naliita adabu. Unafiki ungeanza kama baada ya sakristia ungenawa uso na kumwambia kila mtu "Hamna kitu", hadi huyo bwana ahamie kwako na wewe.

Lakini hebu nikuulize, na usikasirike. Nimepata kusikia (unajua Mvumi na Kongwa si mbali kwa wenye simu) kwamba kwenye hayo mahubiri ya Jumapili kulikuwa na kipengele kirefu kuhusu "wale wanaoiba furaha ya watumishi." Na kwamba macho yako yalikuwa benchi la pili kushoto. Hapo, mama, ndipo penye unafiki. Sio kucheka ukiwa na huzuni. Ni kurusha madongo ukiwa umevaa stola, mahali ambapo mtu hawezi kukujibu. Kanisa zima lilijua unamsema nani, waliokuunga mkono wakasema amina kubwa, na yule mzee akarudi nyumbani na jeraha lake, sijui lilimwangukia nani huko.

Maana na yeye ana jeraha. Mwaka jana ulinisimulia kwa furaha kwamba sadaka sasa zinakuja kwa simu, kwamba hata ile ya mavuno wanaofanya kazi mjini wanatuma pesa badala ya gunia la mtama. Vizuri sana. Lakini huyo mzee amehesabu sadaka ya mavuno kwa mikono yake tangu hujazaliwa. Alizoea kuona magunia yamepangwa mbele ya meza ya Bwana, maboga, karanga, kuku waliofungwa miguu wanapiga kelele wakati wa sala. Sasa anaona meza iko wazi na mtu anamwambia hela ipo kwenye simu. "Haionekani vizuri" ni kweli tupu; haionekani! Hiyo ya mchungaji mwanamke ni upumbavu na sitamtetea. Ila ukimwendea kujibu upumbavu tu, utarudi na ushindi wako na hutapiga mluzi wowote.

Nenda kwake kabla ya kikao kingine, usimwite ofisini. Wakikupa uji, kunywa. Mwambie aliyoyasema kuhusu uanamke wako yalikuumiza, umwambie hivyohivyo bila mstari wa Biblia. Mwombe radhi kwa ile Jumapili. Kisha umwonyeshe hizo pesa za simu, uzisome naye moja moja kwa sauti. Huenda asibadilike. Baba yako alirudi na bati zilezile 34.

Njia hii aliipata kwa ndugu wa uamsho, ule moto uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Afrika Mashariki hadi ukatufikia huku Ugogoni. Waliita kutembea nuruni: umekosana na mwenzako, unamwendea, unasema lako. Sitakudanganya kwamba walikuwa wakamilifu, wengine waliungama dhambi za majirani kwa ufasaha kuliko zao. Lakini waliokuwa wa kweli uliwajua kwa nyuso, na hawakuwa watu wa kucheka ovyo.

Usidhani nakuandikia kama niliyefaulu. Baba yako alipofariki, kanisa tulilokuwa tukihudumu walinipa mwezi mmoja niiache nyumba. Nikasema asanteni, Bwana awabariki. Nikafunga vyombo kwa mashuka. Wiki hiyohiyo nilikuwa msimamizi wa kwaya ya akina mama, na binti mmoja akachelewa mazoezi, mara ya tatu mfululizo. Nikamwambia mbele ya wenzake avue kitenge cha sare akiweke kwenye kiti. Akakivua. Alikuwa na gauni la ndani lililochanika begani, wote tukaliona. Nilimwendea baada ya miezi, nikaomba radhi nikiwa nimepiga magoti. "Yameisha, mama," akasema, na nadhani yameisha. Hukutana naye soko la Majengo, ananichagulia nyanya nzuri. Ana sauti ya tatu ambayo sijasikia nyingine kama hiyo, na hajawahi kuimba tena.

Jambo la mwisho, kwenye sauti yako nimesikia pia uchovu mtupu, usio na dhambi wala theolojia yoyote. Parishi ina mitaa sita, pikipiki moja, na wewe. Unajua ngoma zetu: ngozi ikilegea hakuna mpigaji anayeipiga kwa nguvu zaidi, anaisogeza motoni kwanza. Elia alipolala chini ya mretemu akitaka kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha tena ale. Maswali yalikuja baadaye. Jumatatu zako za kupumzika zimekwenda wapi? Wale walei wasomaji uliowafundisha, mmoja hawezi kuongoza ibada ya mazishi mpaka wewe ufike?

Na usisubiri nikuhubirie ule mzabibu wa Yohana 15, kila mchungaji wa Dodoma anahubiri mzabibu.

Alhamisi napanda basi la asubuhi, nibadilishe mjini, mchana niko kwako. Naleta karanga, mlenda mkavu, na kile kitabu cha nyimbo cha baba yako, jalada limetoka lakini kurasa zote zipo. Usifagie, usinipikie wali wa wageni. Nikute umelala. Jioni kukipoa tutakwenda kwa mzee wote wawili, mimi nitakaa nje na mkewe.

Mama yako