Anza na mnyororo unaokatika

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha fizikia hapa Nairobi, mada ya unururifu itakukuta Kidato cha Nne ukiwa umebanwa. Mtihani wa majaribio umekaribia, silabasi haijaisha, na vijana wa nyuma wanataka habari za bomu tu. Bomu lisubiri. Waulize hivi: kiini cha urani-235 kikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu, na kila moja yaweza kupasua kiini kingine. Mbona basi mwamba wenye urani haulipuki?

Waache wabishane. Kisha kila mmoja akunje karatasi mbili. Akiguswa na karatasi, arushe zake zote mbili. Rusha moja uone darasa litakavyochafuka (mwalimu wa jirani umwambie mapema). Rudieni, ila sasa karibu wote wakae mikono mitupu. Hao ni urani-238, isiyopasuka kirahisi, kwa maana katika urani ya asili ile 235 ni asilimia 0.7 tu. Mchezo utakufa papo hapo. Sasa watakuelewa ukiwaambia kwamba jambo ni nyutroni ngapi, kwa wastani, zinazosababisha mpasuko mwingine. Zikiwa chini ya moja, mmenyuko wa mnyororo unazimika. Ikiwa moja kamili, kinu cha nyuklia kinakwenda sawasawa. Zikizidi, nguvu inapanda.

Kazi ya fito za boroni au kadmiamu ndani ya kinu wataiona wenyewe: zinameza nyutroni. Kinachowakanganya ni kipunguza kasi, kitu kama maji kinachopunguza mwendo wa nyutroni. Wengi hudhani kupunguza kasi ya nyutroni ni kupoza mmenyuko, kumbe nyutroni ya mwendo wa pole ndiyo hupasua urani-235 kwa urahisi zaidi. Hapa usiharakishe, hata kama kengele imelia.

Vitabu huwapeleka Chicago, kwenye kinu cha kwanza kilichojengwa na binadamu, cha mwanafizikia Fermi, 1942. Mimi huwapeleka Oklo, Gabon. Miaka kama bilioni 2 iliyopita urani-235 ilikuwa takriban asilimia 3, na maji yaliyopenya ardhini yalipunguza kasi ya nyutroni. Mmenyuko ukawaka wenyewe. Maji yalipogeuka mvuke ukazima, yaliporudi ukawaka tena. Wafaransa waligundua mabaki yake 1972. Waulize kwa nini leo haiwezekani. Aliyeelewa nusu-uhai (muda wa nusu ya viini kuoza) atakwambia urani-235 imeoza haraka kuliko 238.

Ule mlinganyo wa mtihani, urani-235 ikipigwa na nyutroni na kutoa bariamu-141, kriptoni-92 na nyutroni 3, huwaangusha wanaosahau nyutroni iliyoingia. Jumla ni 236, si 235.