Pesa ya arbuni usiitie kwenye mkopo wa zamani

Dada, hiyo 30,000 ya ziada unayotia kwenye mkopo wa nyumba isimamishe kabla hujalipa mwezi huu. Umesema mna nyumba ya vyumba viwili hapa Malindi, mkopo umebakisha miaka minane, watoto watatu, na mwataka kuhamia ya vyumba vinne miaka miwili ijayo. Wauliza kama uzidishe malipo ya mkopo huku ukiweka akiba, na kama hii ya sasa muiuze au muipangishe. Nimesoma nikaumwa na tumbo, maana ndivyo nilivyofanya mimi.

Kuanzia katikati ya 2021 nililipa 25,000 za ziada kila mwezi, miezi 30. Ni 750,000. Ofisa wa mikopo ndiye aliyenishauri: riba ya mkopo yazidi faida ya akiba, kwa hiyo kila shilingi unayoipunguza kwenye deni ni faida tupu. Hesabu yake ilikuwa sawa, na hapo ndipo niliponaswa. Alijua nataka nyumba kubwa, nilimwambia kwa kinywa changu, na hakunambia kwamba pesa ikishaingia kwenye mkopo haitoki. Mtu anakaa na wewe mezani, anakusikia ukitaja wanao, halafu anakuacha uende hivyo. Mpaka leo sijamsamehe.

Februari 2024 ikatokea nyumba Muyeye, papa hapa Malindi. Vyumba vinne, kisima, mwembe uani, hatimiliki safi, milioni sita na nusu. Mwenyewe alitaka asilimia 10 siku ya kutia saini, iliyobaki ndani ya siku 90, kama ilivyo desturi ya mauzo ya nyumba huku kwetu. Yaani arbuni ya 650,000. Nilikuwa nimeweka zaidi ya hiyo! Lakini yote ilikuwa ndani ya kuta za nyumba ninayotaka kuihama, na kwenye akaunti nina 38,000.

Nikakimbilia benki. Wakasema niombe kuongezewa mkopo: mthamini aje upya, wakili, ada, wiki sita kwenda mbele. Na mwezi uo huo Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na mkopo wangu ni wa riba inayopanda na kushuka. Utaambiwa "ukiuza utaipata pesa yako yote." Kweli, utaipata, ila siku ya kuuza. Arbuni ya nyumba mpya yatakiwa kabla hujauza ya zamani. Yule mzee alinisubiri wiki mbili, Mungu amlipe, kisha akampa mwengine. Kijana wangu mkubwa yuko kidato cha tatu na bado alala sebuleni. Kila nikipita njia ile ya Muyeye nageuza uso.

Mtu asiyehama, azidishe malipo, tena aandike barua kwamba ziada ipunguze deni lenyewe. Mimi sikuandika, na miezi sita ya mwanzo ikahesabiwa kama malipo ya mbele, deni likabaki pale pale. Lakini wewe wahama. Lipa kile unachodaiwa kila mwezi, basi, mpaka arbuni ikamilike mahali unapoweza kuishika.

Na usihesabu asilimia 10 peke yake. Mjini kuna ushuru wa stempu asilimia 4, unalipa mnunuzi. Kwa nyumba ile ingekuwa 260,000, jumla 910,000 kabla ya wakili. Pesa hiyo iweke kwenye dhamana za serikali za siku 91 (treasury bills), au mfuko wa soko la fedha (money market fund) ambao unatoa pesa kwa siku chache. Sacco ni nzuri kwa kukopea, lakini ile akiba unayokopea huitoi mpaka ujitoe uanachama, kwa hiyo arbuni isikae huko.

Kama umeshaiagiza benki ikate yenyewe kila mwezi, nenda kesho asubuhi ukaifute, na usitoke bila nakala yenye muhuri.