Dume wa mbegu amekufa, mwanawe anafaa kumrithi?

Swali: Farasi wetu dume wa mbegu amekufa wiki iliyopita kwa msokoto wa utumbo. Tuna majike tisa, wanne wakiwa binti zake, na mwanawe wa miaka miwili. Je, huyo arithi nafasi?

Jibu: Poleni sana, dume mwema hapatikani kwa urahisi. Mwanawe msimpandishe dada zake hao wanne: wana baba mmoja, na kasoro zilizojificha katika damu huibuka kwa watoto. Wale watano anaweza, ila apimwe kwanza. Daktari wa mifugo atapima upana wa korodani zote mbili pamoja, usiopungua sentimita 8, kisha atakusanya mbegu mara mbili, kwa kupisha saa moja. Mkupuo wa pili uwe na angalau mbegu bilioni 1 zenye umbo sahihi na zinazoogelea mbele. Akishindwa, msikimbilie kumhasi. Homa huharibu mbegu, na mpya huchukua takriban siku 60 kutengenezwa. Rudieni baada ya hapo.

Binti watafutiwe dume wa nje. Kwetu sisi, watoto wake ni ushahidi mzito kuliko sura yake: kagueni miguu na tabia zao, na mdai vipimo vya magonjwa ya kupandana.

Kwa marehemu muda umepita, lakini lijueni hili: korodani zikitolewa mara baada ya kifo na kuwekwa kwenye nyuzi 5 za Selsiasi bila kugandishwa, maabara huweza kuvuna mbegu ndani ya saa 24.