Macho ya njano kwa mtoto anayelishwa kwa mshipa

Pole sana mama. Umeuliza kama mwanao, aliyekatwa utumbo baada ya kujisokota, aachishwe lishe ya mshipani kwa sababu macho yamekuwa ya njano. Hapana, msiikatishe wenyewe. Utumbo uliobaki haumtoshi, lishe hiyo ndiyo inamweka hai. Kinachobadilishwa ni namna ya kuitoa.

Unjano huo unaonyesha ini lake linaumia, kwa mambo yaliyokutana: utumbo usiopitisha chakula hufanya nyongo ikwame, mafuta ya soya na sukari huweza kuzidi, na vijidudu huingia kupitia mpira unaopitisha lishe mshipani. Waulize madaktari wenu hapo Moshi kama yale mafuta meupe ya soya yanaweza kupunguzwa, mara nyingi hadi gramu 1 kwa kilo kwa siku, au kubadilishwa kwa ya samaki. Hayo ya samaki Marekani iliyaidhinisha mwaka 2018 kwa watoto wenye tatizo hilihili. Yakikosekana, kupunguza tu nako kunasaidia.

Ila ningekuwa wewe, ningekazania mdomo. Wakiruhusu hata kijiko kimoja cha maziwa yako, mpe. Kidogo hicho huamsha utumbo na kusukuma nyongo.

Na ule mpira! Nawa kwa sabuni, sugua kichwa cha mpira huo kwa spiriti, kiache kikauke kabisa ndipo uunganishe. Akipata homa au kutetemeka, nendeni hospitali usiku huohuo, msisubiri kukuche. Dawa za mitishamba za kusafisha ini msimpe, nakuomba sana.