Mstari Utakaokuinua Kitini

Marehemu shangazi yangu, aliyekuwa akiishi Ngamiani, Tanga, alikuwa na kaseti moja ya taarab iliyobanduka karatasi. Yeye aliapa waimbaji ni kikundi cha Black Star, jirani yake akashikilia ni Lucky Star, na ubishi huo haukwisha mpaka wote wawili wakatangulia mbele ya haki. Wimbo wa tatu, upande wa pili, ulimhusu mpiga mbizi anayeitafuta johari kilindini. Kila akizama huibuka mikono mitupu, kisha huzama tena.

Ukifika ubeti wa pili, shangazi aliiacha nazi kwenye mbuzi, akajipangusa mikono, akafungua fundo la pembe ya kanga, akatoa sarafu ya shilingi 20 na kuiweka juu ya redio. Alikuwa anatunza, yaani anamzawadia mwimbaji pesa kama wafanyavyo watu ukumbini. Ukumbi hakuna, mwimbaji hayupo, ni yeye na redio yake tu. Halafu anarudi kwenye mbuzi.

Siku moja nilimuuliza kama mpiga mbizi yule anatafuta mchumba.

"Watu husema mchumba," akanijibu. "Mimi, mwanangu, ni mtoto niliyemtaka nisimpate. Wewe ngoja, utapata wako."

Tangu hapo sijapata kumsikia mtu akifundisha kusikiliza wimbo vizuri kuliko vile. Ukumbini mtu hainuki ovyo kwenda kutunza. Huinuka pale mstari unapomgusa, na wanaomjua huelewa kilichomwinua. Ndiyo maana taarab huimbwa kwa mafumbo: johari iwe johari, kila mtu aivae na yake. Basi ukiupenda wimbo wa namna hii, usihangaike kwanza kutafuta mtunzi alikusudia nini. Jiulize ni mstari gani ungekuinua kitini.

Kuupata kunataka subira. Mimi huandika maneno kwa mkono, kalamu na daftari, kaseti nikiirudisha nyuma kila mara. Nikishaandika nahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo. Wimbo ule una 16 kila mshororo, 8 kwa 8, na pale katikati mwimbaji anapotua ndipo neno zito linapokaa. Ukiusikiliza unapika utapitwa nalo. Ukiliandika utaliona. Tena mstari unaokusifu usiuamini upesi. Wako ni ule unaokukamata.

Wangu ulinikamata nimeshakuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mwaka ule nilianza Januari na watoto 86, wanne wanne kwenye dawati, nikaweka nia kwamba shule ikifungwa asibaki hata mmoja asiyejua kusoma. Wiki ya mwisho nikawaita mezani mmoja mmoja. Watoto 11 hawakuweza. Mmoja wao, ambaye baba yake huuza samaki pale Deep Sea, aliweka kidole chini ya neno "baba", akakitelezesha kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyozoea chuoni kwenye msahafu. Mwaka mzima nilikuwa naye na sikuliona hilo. Nilikuwa nikisahihisha madaftari tu, kidole chake sikukitazama.

Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikijiambia kwamba darasa zima kusoma ni maneno ya semina, hayapo duniani. Kesho yake nilipanga kuwaambia wenzangu hivyo hivyo. Usiku nikaufungulia wimbo, siku hizi nimeuhamishia kwenye simu. Ubeti wa shangazi ukapita, nikamrehemu. Ukaja wa nne, ambao kwa miaka yote nilikuwa nikiuona wa kujazia tu: mpiga mbizi ameibuka, watu wa ufukweni wanamuuliza ameona nini, naye hakubali kuwaambia kwamba bahari haina kitu.

Nikasimama. Kweli nilisimama, peke yangu chumbani, saa nne usiku.

Maana hicho ndicho nilichotaka mimi kwenda kusema, kwamba bahari haina kitu. Kukosa johari si kosa la mtu, pumzi zina kikomo na watoto 86 ni wengi mno kwa mwalimu mmoja. Lakini nilikuwa karibu kuikana johari yenyewe ili kushindwa kwangu kusiniume. Ukiwa na jambo kubwa ulilolitamani likakushinda, iwe ndoa, elimu au afya ya mzazi, nakuomba uangalie hapo. Lia kwamba hukulipata, ni haki yako. Ila usiseme halikuwepo.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa darasa la pili aliniruhusu nikae na yule mtoto dakika 10 kila mapumziko. Siku ya kwanza nilichora mshale mrefu kwa chaki nyekundu juu ya neno "baba", kutoka kushoto. Akautazama sana. Kisha akaweka kidole penye mkia wa mshale.