Korosho zangu za asali zinanata, nakosea wapi?

SWALI: Habari dada, mi napenda kuoka mchanganyiko wa korosho, karanga, ufuta na bisi na asali, ukitoka kwenye oveni mtamu kweli lakini kesho yake umelainika unanata kwenye vidole, watoto hawautaki tena. Msomaji, Tanga.

JIBU: Pole mpenzi, ila hapo umeshakaribia kabisa. Asali inavuta unyevu wa hewani na huko pwani unyevu haupungui, kwa hiyo kwanza punguza asali. Vikombe 4 vya mchanganyiko vinatosha na vijiko vikubwa 2 vya asali, 2 vya sukari na 2 vya siagi, chemsha hivyo mpaka vitoe mapovu ndo umwagie. Halafu moto, wengi tunaharakisha hapa, weka nyuzi 150 tu, tandaza iwe nyembamba kwenye trei, acha dakika 25 hivi huku ukigeuza kila baada ya dakika 8 maana za pembeni zinawahi kuungua na korosho ikiungua inakuwa chungu. Ufuta tia dakika 10 za mwisho, zabibu kavu ukishatoa kabisa.

Ikitoka itakuwa laini bado, usiogope, inakauka ikipoa. Ila usifunike ikiwa ya moto jamani! Mvuke unarudi humo humo, na nahisi hili ndo linakuharibia. Ipoe kabisa, hata saa nzima, ndo utie kwenye chupa kavu ya mfuniko wa kukaza.

Ikilainika tena irudishe kwenye oveni dakika 8 tu.