Misuli kucheza-cheza na hofu ya ALS: jibu langu kwa kijana wa Jinja

Mdogo wangu wa Jinja, nimekusoma hapa jukwaani. Kigimbi cha kushoto kinacheza usiku, kesho yake kope, keshokutwa bega, vidole vinakufa ganzi, umeingia Google ukaangukia ALS, na sasa usingizi umepaa. Umeuliza mawili: kama huo ndio ugonjwa wenyewe, na kama uahirishe kwanjula, ile sherehe ya kutambulishwa rasmi kwa wazazi wa mchumba wako. Mimi si daktari. Ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kazi ya kukesha na makaratasi ya malori. Ila haya ya misuli kucheza ninayo mwilini kwa miaka sasa, na nimeshalala kitandani kwa daktari wa neva akinichoma sindano zake, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu. La kwanjula nitalifikia mwishoni.

ALS ni ugonjwa wa neva za mwendo. Seli za ubongo na uti wa mgongo zinazoamrisha misuli hufa kidogo kidogo, na msuli usiopata amri hupoteza nguvu, kisha hunywea. Na kweli msuli wa namna hiyo hucheza, kwa sababu neva inayokufa hufyatua umeme ovyo. Hapo ndipo Google ilipokunasa. Lakini neva nzima kabisa, ikichokozwa na kahawa, kukesha au wasiwasi, nayo hufyatua, na ukitazama ngozi kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kinachotofautisha ni nguvu.

Daktari niliyemwona hakuanza na habari za kucheza kabisa. Aliniuliza, "Kuna kitu gani ulikuwa unakifanya miezi michache nyuma ambacho sasa kimekushinda?" Nikakaa kimya nikitafuta. Bado nilikuwa napanda tela kukagua sili. Kamba za turubai nilikuwa nakaza mwenyewe. Vifungo vya shati, ufunguo wa kufuli, kupiga muhuri, vyote vilikuwa vinakwenda. Sikupata jibu, naye akaandika jambo kwenye faili kabla hata hajanigusa.

Jiulize na wewe hivyo hivyo. Mwenye ugonjwa ule mara nyingi huona kitu kimegoma kabla hajafikiria msuli kucheza: kandambili inamvuka kwa sababu unyayo hauinuki, kikombe kinamponyoka, vifungo vya shati vinamsumbua mkono mmoja, maneno yanakokota kama ya mlevi ilhali hajaonja kitu, maji yanampalia. Huanzia sehemu moja, hubaki pale pale na kuzidi, halafu husambaa kwenda sehemu ya jirani. Kucheza kunakorukaruka, leo kigimbi kesho kope, kunakokuja umetulia na kupotea ukiusogeza mguu, kwa kawaida hakuna nyuma yake ugonjwa wowote mkubwa. Na hiyo ganzi ya vidole inayokutisha zaidi, kwangu ndiyo ingenipunguzia hofu ya ALS, kwa sababu ALS hula neva za mwendo na kuziacha za hisia. Ganzi ina sababu zake nyingine na inastahili kuchunguzwa, ila ni njia tofauti.

Umemtaja Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza aliyeugua ALS. Yeye alianza kwa kuanguka kwenye ngazi akiwa mwanafunzi, kupiga makasia kukawa kugumu, na ulimi ukawa mzito. Alipoambiwa ugonjwa wake mwaka 1963 alikuwa na miaka 21, akaishi hadi 2018. Yule mchezaji wa besiboli wa Marekani, Lou Gehrig, ambaye huko kwao ugonjwa umepewa jina lake, mipira ilianza kumshinda uwanjani. Mei 1939 akajiondoa kwenye timu mwenyewe, Juni akapimwa na kuambiwa, na Juni 1941 akafariki. Wote wawili kuna kitu cha mwili kiliwashinda kwanza.

Kwa hesabu, nchi za Ulaya zenye takwimu nzuri hupata wagonjwa wapya karibu 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wengi wamepita miaka 50. Hawking anakukumbusha kwamba kijana naye anaweza, sitakudanganya. Lakini sisi tunaocheza misuli bila udhaifu tulishafuatiliwa. Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha mwaka 1993 habari za wagonjwa 121 wa aina yetu. Waliwafuatilia kuanzia miaka 2 hadi 32, na hakuna hata mmoja aliyepata ALS. Isitoshe, hofu hii inawapata sana madaktari na wanafunzi wa udaktari wenyewe, kwa sababu wanajua jina la ugonjwa. Sasa kila mwenye simu analijua.

Turudi kwenye vidole vyako. Umeandika kwamba ganzi huja usiku ukiwa kwenye simu unasoma, na midomo nayo inawasha. Mtu akiogopa hupumua haraka bila kujijua. Hewa ya kaboni inapungua kwenye damu, kalsiamu inayofanya kazi nayo inashuka, na neva zinakuwa na hasira: midomo inawasha, vidole vinakufa ganzi, wengine viganja hujikunja kabisa. Kwa hiyo unasoma, unaogopa, unapumua vibaya, unapata dalili mpya, unaisoma na hiyo. Ganzi ikikukuta mchana umekaa zako kimya, au isipotoka, hiyo mwambie daktari kando.

Kingine, acha kujipima. Nakujua bila kukuona: unatembea kwa visigino, unasimama kwa vidole vya mguu mmoja, unahesabu, unabadilisha. Msuli uliopimwa mchana kutwa unachoka, ukichoka unatetemeka, na wewe unasema nguvu zimekwisha. Mimi nilikuwa nawasha tochi ya simu saa nane za usiku kulinganisha ile nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa nilisoma kwamba hapo ndipo panapoanza kubonyea. Wa kushoto ulikuwa mwembamba. Daktari aliitazama, akaniuliza mkono ninaoandikia, nikasema wa kulia, mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa mambo ambayo wewe mwenyewe umeyataja kijuujuu. Zile chupa za kuongeza nguvu unazokunywa zamu ya usiku, pamoja na kahawa, zipunguze taratibu, usikate ghafla maana kichwa kitakuuma uone ni ugonjwa mwingine. Kulala mchana chini ya mabati hakulipi usiku. Halafu umesema wikendi unapulizia nyanya za mzee kule Kayunga. Hapo ungeandika aya nzima, kwa sababu baadhi ya dawa za wadudu hushambulia kiungo kati ya neva na msuli. Mtu akishapulizia, misuli ikaanza kucheza pamoja na mate kujaa, jasho, machozi, kutapika, kubanwa kifua na mboni za macho kuwa ndogo, hiyo ni sumu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na chupa yenye lebo. Hata kama hujawahi kufika huko, vaa glavu na mikono mirefu, oga ukimaliza, na daktari ajue jina la dawa.

Vidonge navyo vitaje vyote. Dawa ya pumu ya salbutamol hutetemesha. Vile vya presha vinavyokojoza vinaweza kushusha potasiamu. Isoniazidi ya kifua kikuu huleta ganzi, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Metformini ya sukari ikinywewa muda mrefu huweza kushusha B12. Na vile "vya mishipa" ulivyouziwa duka la dawa, soma kwenye pakiti. Vingi vina B6, na B6 nyingi kwa miezi huharibu neva za hisia, yaani unatibu ganzi kwa kitu kinacholeta ganzi. Shangazi anayesema umerogwa muache aseme, kwetu hata kope ikicheza tu wanakuambia mgeni anakuja.

Yapo ya kukimbilia hospitali leo bila kusubiri mtu wa jukwaani: miguu kulegea na udhaifu kupanda juu ndani ya siku chache, kupumua au kumeza kuwa kazi, upande mmoja wa uso au mwili kuanguka ghafla, miguu kuwa dhaifu pamoja na maumivu ya mgongo au mkojo kugoma, taya kukaza baada ya jeraha. Kope kufumba zenyewe jioni na kuona viwiliviwili pia si la kuacha. Mengi ya haya yana tiba ukiwahi.

Wewe hujayataja hayo, basi anza karibu. Nenda kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali ya rufaa hapo hapo Jinja, umwombe daktari apime nguvu na agonge magoti kwa kile kinyundo. Damu wapime sukari, potasiamu, kalsiamu, homoni za tezi ya shingo, B12 ikipatikana, na VVU kama hujapima karibuni. Wakikuta udhaifu au kunywea ndipo wakuandikie rufaa. Madaktari wa neva Uganda ni wachache na wengi wako Kampala, hospitali ya Mulago wapo. Kipimo cha EMG ni sindano nyembamba ndani ya msuli iliyounganishwa na mashine yenye spika. Anakuambia legeza, mashine inanyamaza. Anakuambia kaza, inanguruma. Inauma kiasi, kigimbi changu kilibaki na kidoa cha bluu. Usikitafute kwa pesa yako kabla hujachunguzwa kwa mikono, ni ghali na huenda hukihitaji. Changu kilitoka safi na misuli inacheza mpaka leo, hasa wiki za foleni kubwa mpakani.

Kwanjula usiahirishe. Wazee wa upande wa pili wameshapanga, na sababu utakayowapa itazaa maneno kuliko ugonjwa. Kamuone daktari wiki hii, halafu umwambie binti wa watu kinachoendelea, kwa sababu mtu anayekaa na wewe ameshakuona ukikodolea macho kigimbi chako na hajui afikirie nini. Ukipata majibu ya damu yaandike hapa chini, la potasiamu hasa, kwa jinsi ulivyosema unatoka jasho kwenye zamu.